Ngozi Iliyopandikizwa Inapoanza Kufa: Lini Chemba ya Oksijeni Inasaidia

Daktari akikwambia kwamba ngozi aliyompandikiza mgonjwa wako "haijashika vizuri", muulize hapo hapo maswali mawili: ni upandikizaji wa aina gani, na ngozi hiyo inakosa nini? Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama kuna haja ya kuzungumzia tiba ya oksijeni yenye shinikizo, yaani kumwingiza mgonjwa kwenye chemba, shinikizo la hewa likapandishwa, naye akavuta oksijeni tupu. Tiba hii inaokoa ngozi katika hali fulani, na katika hali nyingine inakula fedha na saa ambazo mgonjwa hana. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na anayemuuguza, ili mjue tofauti kabla saa hizo hazijapita.

Tuanze na aina. Katika aina ya kwanza daktari huchuna tabaka jembamba la ngozi, mara nyingi kutoka kwenye paja, akalilaza juu ya kidonda. Tabaka hilo limetenganishwa na mishipa yake yote ya damu. Kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo linaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Kuanzia siku ya pili au ya tatu vimishipa vya kidonda huanza kuungana na vimishipa vyake, na kati ya siku ya 4 na ya 7 damu inapita. Ndiyo sababu bandeji ya kwanza huachwa siku kadhaa bila kuguswa. Ndugu anayeifunua ili "atazame tu" anaweza kukata vimishipa vilivyoshikana usiku uliopita.

Aina ya pili madaktari huiita flapu. Hiki ni kipande kinene, ngozi pamoja na mafuta yake na wakati mwingine msuli, kinachohamishwa kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu. Pengine hukatwa kabisa, kisha mishipa yake ikashonwa kwenye mishipa ya mahali papya kwa msaada wa hadubini. Flapu hutumika pale ambapo ngozi nyembamba haiwezi kushika, kama ilivyo kwa ajali nyingi za bodaboda zinazoacha mfupa wa muundi wazi. Flapu haingojei vimishipa vipya. Inategemea ule mshipa mmoja iliokuja nao. Mshipa huo ukijikunja, ukibanwa au ukiziba, flapu yote iko hatarini, na hesabu yake ni ya saa, si ya siku.

Ngozi ya kupandikiza hufa kwa sababu zinazojulikana. Damu au majimaji hujikusanya chini yake na kuitenga na kidonda. Hukwaruzwa na kusogezwa kabla haijashika. Huvamiwa na bakteria. Au hulazwa juu ya kidonda chenyewe kisicho na damu ya kutosha: mguu wa mwenye kisukari cha muda mrefu, sehemu iliyowahi kuchomwa kwa mionzi ya kutibu saratani, kovu gumu la zamani. Sababu hii ya mwisho, upungufu wa oksijeni kwenye kidonda, ndiyo hasa inayoweza kusaidiwa na chemba.

Shinikizo linafanya nini

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, chembe nyekundu za damu huwa tayari zimebeba oksijeni karibu yote zinayoweza kubeba. Kumvalisha barakoa ya oksijeni wodini kunaziongezea kidogo sana. Kinachobadilika ndani ya chemba ni majimaji ya damu yenyewe. Katika hewa ya kawaida, kila mililita 100 za damu hubeba takriban mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Mtu akivuta oksijeni tupu kwenye shinikizo mara 3 ya lile la kawaida, kiasi hicho hufika karibu mililita 6. Mambo ni yale yale ya soda: gesi hubaki imeyeyuka ndani ya kinywaji kwa sababu ya shinikizo la chupa iliyofungwa. Oksijeni iliyoyeyuka hivyo inapita hata pale ambapo uvimbe umebana vimishipa kiasi kwamba chembe nyekundu hazipenyi, na inasambaa mbali zaidi kutoka kwenye mshipa hadi kwenye nyama yenye njaa.

Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Mholanzi, Ite Boerema, alionyesha mjini Amsterdam kwamba nguruwe aliyeondolewa karibu chembe zote nyekundu aliweza kuendelea kuishi ndani ya chemba kwa oksijeni iliyoyeyuka tu. Miaka saba baadaye, mwaka 1967, daktari Mwingereza D. J. D. Perrins alichapisha jaribio la wagonjwa 48 waliopandikizwa ngozi nyembamba. Katika kundi lililoingia kwenye chemba, ngozi ilishika kikamilifu kwa asilimia 64 ya wagonjwa. Katika kundi lisiloingia, kwa asilimia 17. Ni jaribio dogo, na tangu wakati huo majaribio makubwa ya namna hiyo yamekuwa machache. Sehemu kubwa ya ushahidi inatokana na wanyama wa maabara na taarifa za wagonjwa mmoja mmoja. Mtu anayekuuzia tiba hii kama jambo la uhakika anakueleza zaidi ya kile ambacho sayansi imethibitisha.

Hata hivyo, ushahidi uliopo una mwelekeo mmoja, na ndio unaoongoza wataalamu. UHMS, chama cha wataalamu wa tiba hii chenye makao yake Marekani, kinaikubali kwa ngozi na flapu zilizo hatarini. Kwa ngozi inayoendelea vizuri hakikubali, nami naona kina haki. Kama ngozi imeshika, ni ya waridi, imelala bapa na haina harufu, acha. Fedha ya chemba nunua mayai, maharage, samaki na dawa za kuongeza damu kama daktari ameziandika. Nyama mpya hujengwa kwa protini.

Jinsi ya kuitazama, hasa kwenye ngozi nyeusi

Kazi kubwa ya anayeuguza iko hapa, kwa sababu chemba inayoanza mapema ina nafasi ya kuokoa, na inayoanza baada ya ngozi kukauka na kuwa nyeusi ti haina. Nyama iliyokwisha kufa haifufuliwi na oksijeni.

Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Vinasema flapu isiyopata damu ya kutosha "hupauka", na ile ambayo damu inaingia bila kutoka "huwa ya buluu". Kwenye ngozi yetu mabadiliko hayo hujificha. Flapu iliyokosa damu inaweza kuonekana ya kijivu, imefifia, kama iliyopakwa majivu. Iliyojaa damu isiyotoka inaweza tu kuonekana nyeusi zaidi ya jana, na ikang'aa kwa uvimbe. Kwa hiyo usiilinganishe flapu na ngozi inayoizunguka. Ilinganishe na ngozi ya mahali ilikotolewa. Kama ilitoka tumboni, tazama tumbo. Tazama kwa mwanga wa mchana karibu na dirisha au kwa taa nyeupe yenye nguvu, maana balbu ya manjano ya wodini inadanganya. Omba ruhusa upige picha kwa simu, mahali pale pale na kwa mwanga ule ule, asubuhi na jioni. Picha mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha mambo ambayo kumbukumbu haiyashiki.

Rangi isipokusaidia, tumia vitu vingine. Joto: gusa kwa nyuma ya vidole vilivyo safi, flapu iliyopoa kuliko ngozi ya jirani ni habari mbaya. Uvimbe: ikiwa laini inaleta matumaini, ikiwa imekakamaa kama ngoma, damu inaingia bila njia ya kutoka. Bonyeza taratibu kwa kidole kisha uachie. Damu ikirudi kwa takriban sekunde mbili, ni sawa. Ikichelewa sana, huenda mshipa unaoleta damu umeziba; ikirudi papo hapo, kabla hujaondoa kidole vizuri, huenda mshipa unaotoa damu ndio ulioziba. Muuguzi au daktari anaweza kuichoma kidogo kwa sindano safi. Tone jekundu linalotokea baada ya sekunde chache ni jema. Damu nyeusi inayobubujika inaonyesha kuziba kwa njia ya kutokea, na kutotoka damu kabisa kunaonyesha kuziba kwa njia ya kuingilia. Kuchoma sindano ni kazi yao, usiifanye wewe.

Katika saa 48 za kwanza baada ya flapu kuwekwa, hospitali nzuri huikagua kila saa au kila baada ya saa chache. Uliza ratiba hiyo. Kama wodi ina wagonjwa wengi na muuguzi ni mmoja, jambo la kawaida katika hospitali zetu za umma, omba ufundishwe ili usaidie kutazama usiku. Ukiona mabadiliko, mwite muuguzi saa ile ile. Usingoje madaktari wapite asubuhi, na usione haya kumwamsha daktari wa zamu saa nane za usiku. Flapu iliyogunduliwa saa nane inaweza kuokolewa. Iliyogunduliwa saa tatu asubuhi mara nyingi imeshachelewa.

Na hapo ukae imara: dalili za kuziba kwa mshipa zinampeleka mgonjwa thieta kwanza, chemba baadaye. Oksijeni haikunjui mshipa uliojikunja, haitoi bonge la damu lililovilia chini ya ngozi, haifungui uzi uliobana. Daktari wa upasuaji lazima aamue kama kuna kitu cha kurekebisha kwa kisu. Pengine kufungua nyuzi mbili tatu, au kumgeuza mgonjwa asiulalie mshipa, kunamaliza tatizo. Chemba inaingia pale ambapo daktari amekwisha kukagua, amerekebisha kinachorekebishika, na bado sehemu ya ngozi inayumba: ncha ya flapu inayofifia, ngozi nyembamba juu ya mguu wa kisukari, kipande cha sikio au pua kilichokatika kikashonwa tena. Hapo uliza waziwazi, "Je, mgonjwa huyu anafaa kwa oksijeni ya shinikizo, na ipo mahali tunapoweza kufika leo?"

Nasema leo kwa makusudi. Kwenye ukanda wa pwani yetu chemba nyingi zilijulikana kwanza kwa ajili ya wapiga mbizi, na si kila chemba inapokea wagonjwa wa vidonda. Wengine hufikiria India au Afrika Kusini. Kwa kidonda cha miezi, safari kama hiyo inaweza kuwa na maana. Kwa flapu iliyoanza kuyumba jana, sioni maana yake: pasipoti, tiketi na barua vinakula siku ambazo flapu haina, na hewa ndani ya ndege ina shinikizo dogo kuliko la ardhini, hivyo nyama yenye njaa inapata oksijeni pungufu njia nzima. Mgonjwa aliye mbali na chemba ananufaika zaidi na macho yanayotazama usiku na daktari anayefika upesi.

Kabla ya kuingia

Kipindi kimoja huchukua dakika 90 hadi 120, kwa shinikizo mara 2 hadi 2.5 ya lile la kawaida. Shinikizo la mara 2.4 ni sawa na kuwa mita 14 chini ya bahari. Kwa ngozi iliyo hatarini kwa kawaida huanza na vipindi viwili kwa siku, kisha kimoja ngozi inapotulia, na wataalamu hupitia upya hali ya mgonjwa kabla ya kuvuka vipindi 20. Kituo kikikutaka ulipie vipindi 40 kabla hakijaiona ngozi, ondoka.

Mweleze daktari wa chemba kila kitu kuhusu mapafu. Hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikiwa haijatibiwa, inamzuia mgonjwa kabisa kuingia, kwa sababu inaweza kumuua shinikizo linaposhushwa. Baada ya ajali ya barabarani iliyogusa kifua, dai picha ya eksirei. Taja pumu, kifua kikuu cha zamani, kifafa, homa, mafua, ujauzito. Taja dawa za saratani, hasa bleomisini na doksorubisini. Mgonjwa wa moto aseme kama anapakwa krimu ya mafenaidi, maana haichanganyiki vizuri na tiba hii. Mwenye kisukari ale kabla ya kuingia na sukari yake ipimwe, kwa kuwa inaweza kushuka akiwa ndani, na mlango haufunguliwi kwa dakika moja.

Shida inayotokea mara nyingi kuliko zote ni ya masikio. Shinikizo likipanda, meza mate, piga mwayo, au bana pua upulize taratibu, na uanze kabla ya kuumia. Ukisikia maumivu, inua mkono mara moja ili wasimamishe. Anayevumilia kwa ushujaa anaweza kupasuka ngoma ya sikio. Mtoto mchanga apewe chupa anyonye. Baada ya vipindi vingi baadhi ya watu huona vya mbali kwa ukungu. Hali hiyo hurudi yenyewe baada ya wiki kadhaa, basi usikimbilie kununua miwani. Degedege inayosababishwa na oksijeni nyingi hutokea kwa nadra, na vituo huikinga kwa kumpa mgonjwa mapumziko ya dakika chache za hewa ya kawaida katikati ya kipindi.

Sasa moto, na hapa nakuomba usome polepole. Katika oksijeni tupu, cheche ndogo inatosha. Mwaka 1997 moto ndani ya chemba mjini Milan, Italia, uliua watu 11. Januari 2025 mtoto wa miaka 5 aliungua hadi kufa ndani ya chemba huko Troy, jimbo la Michigan, Marekani. Kwa hiyo simu, kiberiti, saa, redio, kifaa cha kusikia na kifaa chochote cha kupasha joto vibaki nje. Nguo ziwe za pamba tupu zinazotolewa na kituo. Kanga na kitenge ulichokuja nacho visiingie hata kama unaamini ni pamba. Usipake mafuta ya nazi, vaselini, losheni wala manukato siku hiyo, na nywele zisiwe na mafuta. Wigi na nywele za bandia zitolewe. Vidonda vya moto mara nyingi hufungwa kwa gozi iliyolowekwa vaselini. Waambie wahudumu ili waamue kama itolewe au ifunikwe. Kituo kisichokukagua hivi hakistahili kumpokea mgonjwa wako, hata kama mashine zake ni mpya.

Jihadhari pia na mifuko laini ya kujazwa hewa inayotangazwa kwenye vituo vya urembo kwa ajili ya kila kitu, kuanzia uzee hadi usonji. Shinikizo lake kwa kawaida ni mara 1.3 tu, na mara nyingi humsukumia mtu hewa ya kawaida. Hiyo siyo tiba iliyotumika kwenye majaribio niliyoyataja. Kufunga mguu ndani ya mfuko na kupulizia oksijeni juu ya kidonda pia ni jambo jingine. Oksijeni lazima ipite mapafuni iingie kwenye damu.

Na kuna mambo yanayoifuta kazi yote ya chemba. La kwanza ni tumbaku ya namna yoyote. Nikotini hubana mishipa midogo, ile ile inayotegemewa na flapu, basi sigara, shisha, ugoro na tumbaku ya kutafuna vyote viachwe kabla na baada ya upasuaji. Mguu uliopandikizwa uinuliwe, usining'inizwe kitandani mpaka daktari aruhusu. Flapu isilaliwe, isifungwe kwa kitu cha kubana, isiwekewe barafu. Ndugu anayeleta asali, majivu au dawa ya meno azuiwe mlangoni kwa upole na kwa msimamo.

Mkikubaliwa kwenye kituo chenye chemba, msiondoke wodini mikono mitupu. Barua ya rufaa iseme tarehe na saa ya upasuaji, aina ya upandikizaji, mahali ngozi ilikotolewa, saa dalili zilipoonekana na nini kilirekebishwa. Bebeni picha za simu, eksirei ya kifua, majibu ya damu na sukari, orodha ya dawa zote, pamoja na zile za kupaka. Iandikwe pia namba ya simu ya daktari aliyepasua, kwa sababu yeye na wa chemba wanapaswa kuikagua ngozi hiyo kila siku na kukubaliana ni lini tiba iendelee, isimame, au mgonjwa arudi thieta.